Chuma Mdomoni

Majibu ya maabara yalifika mchana, mafupi kama salamu ya mtu mwenye haraka. Katika chupa zote zilizopelekwa hamkuwa na sumu, wala dawa ya kusafishia mapipa, wala kutu. Inspekta aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akamwambia Bosi wa kiwanda kwamba mvinyo wake hauna kasoro.

"Basi wageni wangu wote wana wazimu," Bosi alisema.

Walikuwa wamesimama katika ukumbi wa kuonjea, chumba kirefu chenye meza moja ya mbao na ndoo za kutemea zilizong'arishwa. Hapo ndipo Bosi alipowakalisha wanunuzi wa mahoteli Jumamosi iliyopita, akawapa mvinyo mpya mwekundu ambao kiwanda kizima kilikuwa kimeungoja tangu mavuno. Glasi ya kwanza waliisifu mpaka Bosi akaona haya. Kikaletwa chakula, zikafunguliwa chupa nyingine, na glasi ya pili ikawakunja nyuso mmoja baada ya mwingine. Walisema wanasikia chuma, kama mtu aliyelamba msumari. Mnunuzi mkubwa kuliko wote aliweka kitambaa mezani, akatoka nje na kupiga simu polisi, akidai kuna mtu anataka kuwaua.

Hayo Inspekta alikuwa akiyajua. Jambo jipya ni kwamba Bosi alishafanya uamuzi. Jua likitua angefungua mabomba ya mapipa yote, mvinyo uende mtaroni, na fundi aliyeuchanganya angerudisha funguo na kwenda zake.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alisema. "Tulimsifu mno yule mama. Amelewa sifa."

Inspekta alimwomba asiguse bomba lolote kabla ya jua la mbinguni kutua kweli, si jua la hasira zake. Kituoni walimwita Shangazi, maana hakuna anayeuliza mambo ya ndani ya nyumba za watu bila haya kama shangazi mtu, na yeye jina hilo alilipenda. Upungufu wake katika kesi hii ulikuwa mmoja: hanywi. Hajawahi hata kuonja. Ilimbidi achunguze ladha kwa kutumia ndimi za watu wengine, na ndimi za watu, kama ajuavyo kila polisi, husema zinavyotaka.

Fundi alikuwa katika chumba chake cha kuchanganyia, amekaa mbele ya vichupa vilivyojaa ambavyo hakuvigusa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ina madoa ya zambarau yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Inspekta alimwambia habari ya maabara akitegemea atafurahi. Fundi alitikisa kichwa tu.

"Maabara haina ulimi," alisema. "Mimi usiku ule niliuonja, nikaona ni mzuri. Wao wote wakasema ni chuma. Watu wote wale, Inspekta. Sasa nani ana kasoro?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Kufukuzwa kulimuuma, lakini kilichomtisha ni wazo kwamba ulimi wake umekufa bila yeye kujua, kama sikio linavyozeeka likaanza kumwongopea mwenyewe. Mchanganyaji asiye na ulimi ni sawa na fundi saa asiyeona. Tangu Jumamosi hakuwa ameonja mvinyo wowote. Aliogopa atakachokisikia, na aliogopa zaidi asichokisikia.

Inspekta alimwomba amfundishe mvinyo huo kana kwamba anamfundisha mtoto. Fundi alisita, halafu kazi ikamshika mwenyewe. Alisema ni zabibu za aina tatu. Za kwanza zinatoka mlimani, zina maganda mazito, na ndizo zinazoupa mvinyo uti wa mgongo: ule ukakasi unaokausha fizi kama umetafuna ndizi mbichi. Peke yake ni mvinyo mkali usio na rafiki. Za pili ni za bondeni, laini, zenye harufu ya matunda yaliyoiva mpaka kupasuka, nazo huuvika mwili ule uti wa mgongo. Za tatu ni kidogo tu, tone kwenye ndoo, za kuupa weusi na kijiharufu cha pilipili manga mwishoni. Ukizidisha hizo za tatu umeharibu kila kitu.

"Na chakula?" Inspekta aliuliza.

Kwa mara ya kwanza Fundi alitabasamu. Alisema mvinyo kama huu ni mgomvi unaotaka kupewa cha kushika mkononi. Mpe kondoo aliyeokwa taratibu, mafuta yake yatautuliza ule ukakasi. Uyoga unaufaa, jibini gumu lililokaa muda mrefu linaufaa, hata maharage yaliyopikwa na nyama ya moshi. Usiupe pilipili kali, utakuunguza. Usiupe siki. Na samaki wa mafuta, hapana kabisa, yeye angemwinua mtu mezani kwa kosa hilo.

Inspekta aliuliza usiku ule yeye mwenyewe alikula nini. Fundi alimshangaa. Siku ya kuonjesha wageni hali kitu tangu asubuhi, alisema, anakunywa maji tu. Ndiyo desturi yake tangu alipoanza kazi, ulimi uwe safi, na kila mtu pale kiwandani anaijua. Chakula alikuwa amekubaliana na mumewe, ambaye ndiye mpishi wa kiwanda: kondoo na mchuzi wa uyoga. Wageni walipoanza kulalamika alikimbilia jikoni kumwuliza kama amebadilisha kitu, naye akamwambia ni kile kile walichokubaliana.

"Ananipikia supu kila usiku tangu siku hiyo," alisema. "Asingekuwa yeye ningeshajitupa kisimani."

Inspekta alitoka na swali moja: glasi ya kwanza nzuri, ya pili mbaya. Nani alizishika chupa za glasi ya pili?

Aliyezishika alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja, msaidizi wake na mshika funguo za ghala la chini. Inspekta alimkuta kule chini kati ya mapipa. Alikuwa amevaa aproni ya dadake, ile ya mchanganyaji yenye mfuko wa kifuani, na Fundi bado hajafukuzwa. Husuda ya namna hiyo haihitaji mpelelezi, hata kipofu angeinusa. Mdogo mtu alieleza haraka haraka kwamba alizitoa chupa kwenye rafu, akazipandisha, akazifungua mbele ya wageni, basi.

Inspekta alizunguka. Nyuma ya pipa la mwisho, chini ya gunia, aliona mitungi mitatu midogo na bomba la mpira. Alilinyanyua gunia kwa ncha ya kiatu, akasubiri.

Mdogo mtu aliketi juu ya kreti. Alikana kwanza, kisha akalia, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyosema kweli. Alikuwa akiiba kidogo kidogo kutoka kila pipa na kujaribu kuchanganya mwenyewe. Miaka yote anaosha glasi za dada. Wageni wakija wanampa mkono dada, yeye wanampa makoti. Alitaka ajue kama naye anaweza.

"Na unaweza?"

Mdogo mtu alimmiminia kwenye kikombe. Inspekta alimkumbusha kwamba hanywi, akamtaka anywe mwenyewe. Alikunywa, uso ukamkunjamana, akatema.

"Maji ya betri," alikiri. "Nimezidisha zile za tatu. Kila mara nazidisha zile za tatu."

"Na Jumamosi ulimimina uchafu huu kwenye chupa za wageni?"

Aliapa kwamba hakufanya, na Inspekta alimwamini kwa sababu isiyohusu kiapo. Chupa za Jumamosi zilizobaki nusu zilipelekwa maabara pamoja na zilizozibwa, na maabara ilisema zinafanana. Zaidi ya hayo, mtu mwenye kijiba cha roho namna ile, kama angetia mkono wake kwenye glasi ya mgeni, angetaka mvinyo usifiwe ili baadaye aseme ni wake. Huyu alitaka kuwa dadake. Kumharibia dadake kungemharibia na yeye. Inspekta alimwambia avue aproni ya watu, akapanda ngazi akiwa amerudi alikoanzia.

Kwenye baraza ya nyumba ya Bosi alikaa mama yake Bosi, bibi mkongwe mwenye paka mapajani. Polisi wa kwanza hawakumhoji kwa kuwa Bosi aliwaambia mama yake husifu kila kitu. Inspekta alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akavuta kigoda.

"Mvinyo wa Jumamosi?" bibi alisema. "Mtamu, mwanangu. Nilikunywa glasi ya kwanza, nikanywa ya pili, mwanangu akanikonyeza niache, nikajifanya sijaona, nikanywa ya tatu."

"Hukusikia chuma?"

"Chuma gani? Hao wageni wamezoea soda."

Inspekta alisogeza kigoda. Alimwuliza alikula nini, na bibi akafungua mdomo kumwonyesha fizi tupu. Nyama haiwezi, meno yalimuaga zamani. Alikula mkate laini na jibini. Sahani yake ya kondoo, na mchuzi wake wote, alimshushia paka chini ya meza. Na hilo lilimshangaza, alisema, maana paka huyu ana maringo, kondoo humnusa akamwacha. Jumamosi aliramba sahani mpaka ikawa kama imeoshwa, akaanza kulia apewe nyingine.

Inspekta alimtazama paka kwa heshima ambayo hakuwa amempa shahidi yeyote siku hiyo. Mambo yakajipanga yenyewe. Glasi ya kwanza ilinywewa kabla ya chakula. Fundi hakula, na akauona mvinyo mzuri. Bibi hakula mchuzi, naye akauona mzuri. Walioula mchuzi wote walisikia chuma. Hakuna aliyeuchezea mvinyo. Na paka hapigii kelele uyoga.

Lakini mchuzi wa Jumamosi ulikuwa umeshaoshwa na sabuni, na paka hawezi kuapishwa mahakamani.

Jikoni, Mpishi alikuwa akinoa visu. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na jiko lake lilikuwa safi kiasi cha kumtia mtu aibu ya viatu vyake. Maswali ya kwanza aliyajibu bila kugeuka: kondoo, uyoga, vitunguu, majani ya kunukia, hakuna zaidi. Hayo hayo ndiyo aliyoyatia saini kituoni. Alisema anamhurumia mkewe. Alisema labda umri.

Juu ya mlango wa jiko palikuwa na kibao cha zamani chenye jina lake, rangi imebanduka. Kibao kipya, chenye picha ya chupa, kilikuwa kimepigiliwa juu yake na kukifunika nusu. Inspekta alikisoma, akabadilisha mwendo.

Alisema, kama mtu anayepiga soga, kwamba ametoka kuhoji wageni wa Jumamosi, na kuna jambo limemchekesha. Mvinyo waliutukana wote. Lakini hakuna hata mmoja aliyebakiza mchuzi.

Kisu kilisimama juu ya jiwe.

"Walisema hivyo?"

Walisema hivyo, Inspekta alimhakikishia, na haukuwa uongo mtupu, kwa kuwa maelezo ya polisi wa kwanza yalionyesha sahani zilirudi tupu. Aliongeza kwamba yeye hanywi, mvinyo kwake ni kelele za watu wengine, ila chakula anakijua. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Kama haitakuwa usumbufu, angependa kula mchuzi ule ule, kama ulivyokuwa, asije akapewa wa kubabaisha kwa sababu yeye ni polisi tu.

Mpishi mwingine angepika mchuzi wa uyoga na kujiokoa. Huyu alitazama mlango, akamtazama mgeni huyu asiyekunywa, mtu wa kwanza baada ya muda mrefu kuja jikoni kwa ajili ya chakula peke yake, akafunga aproni upya. Mtu aliyenyimwa sifa hawezi kuipokea sifa ya sahani moja kisha akapakua nyingine. Alipika huku Inspekta amekaa kwenye stuli akiuliza maswali ya kijinga kuhusu vitunguu. Inspekta alimwona akifungua kabati la juu, akatoa kopo lisilo na maandishi, akachota, akakoroga, akachuja. Inspekta hakuuliza ni nini.

Sahani ilipokuwa tayari, Inspekta aliipokea kwa mikono miwili, akainuka nayo, akaelekea ukumbini. Mpishi alimfuata akisema ataila wapi, chakula kitapoa. Mlangoni aliona waliokuwa ndani, akaacha kusema.

Kama Inspekta alivyoagiza kabla ya kuingia jikoni, Bosi alikuwapo na funguo za mabomba mkononi. Mdogo mtu alikuwapo bila aproni. Fundi alikaa mwisho wa meza. Inspekta aliweka sahani mbele yake, akamwomba Bosi amimine mvinyo kutoka chupa iliyozibwa.

"Onja mvinyo kwanza," alimwambia Fundi. "Halafu kula. Halafu onja tena."

Fundi alisema hawezi. Inspekta hakumbembeleza wala hakumharakisha. Mwishowe Fundi alinyanyua glasi kwa mikono yote miwili, akanywa, akafumba macho, akanong'ona kwamba kwake bado ni mzuri, na alilisema hilo kama mgonjwa anayetaja dalili. Akala kipande cha nyama na mchuzi wake. Akanywa tena.

Alitema kwenye ndoo. Kisha machozi yakamtoka, na Bosi, aliyekuwa akimwangalia, alishindwa kuelewa kwa nini mtu analia huku anacheka.

"Chuma," alisema. "Ni chuma kabisa. Nimekisikia, mdogo wangu, nimekisikia."

Mdogo wake alichukua uma, akala, akanywa, akatema vilevile. Bosi naye. Fundi hakuwa akiwatazama. Alikuwa amerudi kwenye sahani, anaonja mchuzi peke yake kwa ncha ya ulimi, akiutafuta kama anavyotafuta pipa lenye kosa. Furaha ilikuwa bado usoni mwake alipokipata kilichofichwa.

"Dagaa," alisema. "Wa mafuta, waliokaushwa kwa moshi, wakasagwa unga, wakachujwa. Uyoga umewafunika."

Hapo ndipo furaha ilipomtoka. Kuficha dagaa kwenye mchuzi wa kondoo hata wageni wenye ndimi za kulipiwa wasiwatambue si kazi ya mtu yeyote. Na kujua kwamba mafuta ya samaki na ukakasi wa mvinyo huu vikikutana huzaa chuma si elimu ya kuokota njiani. Yeye ndiye aliyeifundisha, mezani kwake, kwa mwanafunzi mmoja tu.

Bosi alianza kufoka. Inspekta alimgusa mkono, akanyamaza.

"Nilikuja kukuuliza jikoni," Fundi alimwambia mumewe. "Ukaniambia ni kile kile."

Mpishi alibaki mlangoni, mikono ndani ya aproni. Alisema alitaka usiku mmoja tu. Hakujua kama wataita polisi.

"Zamani watu walikuja hapa kula," alisema. "Walikuwa wananiita nitoke, wananipa mkono. Sasa wanauliza kwanza kuna mvinyo gani, halafu ndiyo wanauliza kuna chakula gani cha kuufaa. Mpishi ni mimi, mke wangu, lakini umenifanya kitoweo chako."

"Na nilipolia kwamba ulimi wangu umekufa?"

Mpishi aliitazama sahani.

"Ulikuwa unarudi nyumbani mapema," alisema. "Ulikuwa unakaa jikoni na mimi."

Inspekta alimweleza Mpishi, kwa sauti ya kazi, kwamba kutia dagaa kwenye mchuzi hakumo katika sheria yoyote anayoijua. Lakini kusaini maelezo ya uongo polisi, huku mke wako anashukiwa kwa sumu, kumo, na itabidi waende pamoja kituoni. Bosi alizirudisha funguo za mabomba mfukoni bila kuambiwa. Kisha akamsogezea Fundi chupa.

"Naomba dakika, Inspekta," Fundi alisema. "Sijala tangu asubuhi."

Aliisukuma glasi mbali, akavuta sahani. Alikula bila mvinyo, bila haraka, nyama yote na mchuzi wote, akafuta sahani kwa kipande cha mkate, na mumewe akasimama pale pale akimwangalia kila alipopeleka mkono mdomoni. Alipomaliza alipangusa midomo.

"Ni mchuzi mzuri kuliko wote uliowahi kupika," alimwambia. "Unataka mvinyo mweupe, mwembamba, wenye uchachu. Ungeniambia tu, ningekuchanganyia."

Kisha akamwomba mdogo wake ampitie nyumbani amchukulie nguo, kwa sababu leo atalala kwa huyo mdogo wake.